Mbao ya mfuniko wa tangi la samaki: tuambiwe imepakwa nini

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo huenda wengi wakaliona dogo, lakini ambalo limenigharimu samaki 11, na ambalo naamini linawagusa watu wengi katika mji huu wa Kisumu, kuanzia wenye hoteli na wenye kliniki hadi wazazi waliowanunulia watoto wao tangi la kioo na kuliweka sebuleni. Jambo lenyewe ni mbao tunazouziwa, na hasa ukimya unaoandamana nazo. Mbao hupakwa dawa ya mchwa, au oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari, kisha huuzwa, hupigwa randa na kugeuzwa kuwa kifaa cha nyumbani bila mtu yeyote kumweleza mnunuzi imepakwa nini. Mimi niliyajua haya kwa sababu ya mfuniko wa tangi la samaki.

Nina duka la dawa mtaani Kondele. Mbele ya kaunta kuna benchi wanapokaa wanaosubiri dawa, na mkabala wa benchi hilo niliweka tangi la samaki ili watoto walioletwa wakiwa na homa wapate kitu cha kutazama. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kina cha 50, hivyo likijaa pomoni hubeba lita 270. Lilitengenezwa na fundi wa vioo hapa hapa mjini, na vipimo vyake havilingani na mifuniko ya plastiki inayoletwa kutoka ng'ambo, kwa kuwa mifuniko hiyo hukatwa kwa kipimo cha matangi ya huko. Ndiyo sababu wengi wetu wenye matangi ya kutengenezewa huishia kwa seremala.

Samaki wangu ni fulu, samaki wadogo wa asili wa Ziwa Victoria, nao ni wazao wa fulu waliozalishwa ndani ya matangi na mfugaji mwenzangu. Wasomaji wanaoishi kando ya ziwa watanielewa nikisema kwamba samaki hawa si pambo tu. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, huku aina nyingi za fulu zikitoweka zisionekane tena. Mzee anayeingia dukani kwangu akiwa na karatasi ya daktari mkononi husimama mbele ya tangi, akataja jina la fulu aliyemla utotoni, akasahau kwa muda kilichomleta. Mtoto naye humwona jike akitembea na mayai kinywani, kwa kuwa fulu hutamia kwa mdomo, na kila siku hurudi kuuliza kama watoto wametemwa. Samaki wa namna hiyo wakifa, mtu hawezi kwenda sokoni kesho yake kununua wengine.

Tangi lisilofunikwa lina shida zake, nazo nilizipata zote. Dume la fulu huwafukuza wenzake, na anayefukuzwa akikosa pa kupita huruka juu. Asubuhi moja nilipokuwa nikifagia nilimkuta mmoja chini ya benchi, amekauka kama kipande cha ngozi ya kiatu, mkia umejikunja, vumbi limemshika ubavuni. Vumbi la barabarani nalo lilikuwa likitanda juu ya maji kila jioni. Watoto walikuwa wakidondosha vipande vya biskuti, na siku moja kidonge. Katika misimu ambayo wadudu wa ziwani hupaa makundi kwa makundi na kuivamia kila taa, walikuwa wakijaa juu ya maji mpaka unga wa mbawa zao ukafanya ukoko. Tena maji yenyewe yalikuwa yakipungua kwa mvuke kiasi cha kunilazimu kuongeza zaidi ya ndoo moja ya lita 10 kila wiki.

Basi nilimwendea seremala ambaye kazi yake naiheshimu hata leo, nikamwagiza mfuniko wa mbao wenye nafasi ya taa kwa ndani. Alileta kitu kizuri cha saipresi, pembe zimekutana sawasawa, kimepigwa msasa mpaka mkono unateleza ukikipapasa. Kilikuwa na harufu, lakini nilidhani ni ya vanishi. Tulikiweka Ijumaa jioni. Usiku maji ya tangi, ambayo hapa kwetu huwa na ujoto wa kutosha bila hita, yalitoa mvuke, mvuke ukapanda na kugonga mbao, ukageuka matone, na matone yakadondoka tena majini. Jumamosi asubuhi fulu wawili walikuwa wakiogelea kwa ubavu na kuzunguka kama waliopotewa na njia. Wengine walikuwa juu kabisa, vinywa wazi, matamvua yakipigapiga upesi. Niliung'oa mfuniko, nikabadilisha nusu ya maji, nikaongeza pampu ya hewa. Kufikia Jumapili jioni, kati ya samaki 14 walikuwa wamebaki watatu: dume mmoja na majike wawili.

Nilipomwita fundi alikuja siku hiyo hiyo, na nilipomuuliza mbao ilipakwa nini hakunificha. Alisema, "Daktari, mimi mbao zote huzipaka dawa kabla sijazikata, maana bila dawa mchwa hawachelewi." Akarudi karakanani, akaniletea chupa. Niliisoma kama ninavyosoma kila chupa inayopita mikononi mwangu. Kiambato chake kilikuwa saipamethrini, dawa ya jamii ya pairethroidi, jamii ile ile inayotiwa katika vyandarua vya mbu. Na chini kabisa, kwa herufi ambazo ilinibidi kuzisogeza kwenye mwanga, palikuwa na mchoro mdogo wa samaki na onyo kwamba dawa ni sumu kwa viumbe wa majini.

Hapa naomba kutumia elimu ya kazi yangu kidogo. Mwili wa binadamu huivunjavunja dawa ya jamii hii kwa haraka, ndiyo maana tunaweza kulala chini ya chandarua kilichotiwa dawa bila kudhurika. Samaki hana uwezo huo. Saipamethrini huweza kuua samaki ikiwa mikrogramu chache tu katika lita moja ya maji, na kwa tangi kama langu hiyo ni sawa na takriban miligramu 1 katika maji yote. Kidonge kimoja cha parasetamoli ninachouza kina miligramu 500. Kwa hiyo haihitajiki mbao kuloa chapachapa. Unatosha mvuke wa usiku mmoja kuiosha na kuirudisha dawa tangini. Hii ndiyo sababu pia tunashauriwa tusifue vyandarua vya dawa mtoni wala ziwani.

Simlaumu fundi yule, na sitamtaja. Alifanya alichofunzwa, na kwa mlango, kwa kitanda au kwa paa la nyumba alichofunzwa ni sahihi, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawana huruma. Kosa liko katika desturi nzima: aliyeiuza mbao hasemi, anayeipaka hasemi, na anayeinunua hana anachojua cha kuuliza. Mimi mwenyewe, ninayewauliza wagonjwa kila siku wametumia dawa gani kabla sijawapa nyingine, sikuuliza.

Mfuniko wa pili niliutengeneza kwa mikono yangu nikisaidiwa na mpwa wangu ambaye amesomea useremala, na tulichukua wikendi nne. Nitaeleza tulivyofanya kwa undani, kwa sababu naamini fundi yeyote wa soko la Kibuye hapa mjini akielezwa mahitaji ya kifaa hiki anaweza kukitengeneza vizuri kuliko sisi.

Kwanza tulikataa aina tatu za mbao. Tulikataa zile zenye rangi ya kijani, kwa sababu rangi hiyo huweza kuwa alama ya dawa ya nguzo yenye shaba, kromiamu na aseniki, na shaba ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Tulikataa zile nyeusi za oili chafu, kwa sababu mafuta hutanda juu ya maji na kuzuia hewa kuingia. Tulikataa pia mbao za unga zilizoshindiliwa kwa gundi, zinazopendwa kwa makabati kwa sababu ya bei, kwa kuwa zikishalowa huvimba kama mkate uliotiwa chaini na hazirudi tena. Hatimaye tulichukua plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, ya milimita 12 kwa kuta na juu, kwa sababu tabaka zake hupishana nyuzi na hivyo haipindi kirahisi, na saipresi kavu isiyo na dawa kwa fremu ya ndani. Muuzaji alituapia kwamba haijapakwa kitu. Mpwa wangu hakutosheka na kiapo. Alikata ncha, akainusa, kisha akaipiga randa katika pande zote nne mpaka mbao mpya ikaonekana. Randa haiondoi dawa iliyozama ndani, na hili nalisema kwa mkazo, lakini mbao ambayo ni safi kwa macho na kwa pua, nje na katikati, inatia moyo zaidi kuliko maneno matupu.

Vipimo vya mfuniko huu vina siri moja. Seremala aliyezoea makabati atataka ukae kwa kubana, lakini mbao iliyo juu ya maji hutanuka kwa upana wake, na ikitanuka ikiwa imekibana kioo, kioo ndicho kitakachoshindwa. Tuliacha nafasi ya milimita 5 kila upande, hivyo kwa ndani mfuniko una sentimita 121 kwa 46. Ukuta wake una kimo cha sentimita 25. Sentimita 3 kutoka ukingo wa chini tulizungusha ubao mwembamba kwa ndani, na ubao huo ndio unaokaa juu ya kioo, huku ukingo ukishuka nje ya tangi kama pindo la kanzu na kuficha mstari wa maji. Chini ya ubao huo tulibandika utepe wa mpira, ili uzito uenee kwenye kingo zote nne badala ya kulalia pembe mbili. Viungo tulivitia gundi isiyoyeyuka kwa maji na skrubu za chuma kisichoshika kutu, na bawaba ni za chuma hicho hicho. Misumari ya kawaida hulia machozi ya kutu, na bawaba za shaba, hata zikivutia, hazifai mahali ambapo matone hurudi majini.

Sehemu ya juu tuliigawa kwa urefu. Theluthi ya nyuma haifunguki, na theluthi mbili za mbele huinuka kwa bawaba, zikashikiliwa na kijiti, ili niweze kulisha na kusafisha bila kuondoa mfuniko mzima. Nyuma tuliacha uwazi wa kupitishia mabomba na nyaya. Katika kila ukuta wa ubavuni tulitoboa matundu manne yenye kipenyo cha sentimita 3 na kuyaziba kwa wavu wa dirisha usiotiwa dawa.

Uwazi na matundu hayo si urembo. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na alasiri zake ni za joto, na kadiri maji yanavyopata moto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo: katika usawa wa bahari maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba takriban 7.5, na huku juu kiasi hicho hupungua zaidi. Mfuniko uliozibwa pande zote hunasa joto la taa, hunasa mvuke, na huwanyima samaki hewa wakati ule ule wanapoihitaji zaidi. Stima ikipotea na pampu kusimama, jambo la kwanza ninalofanya ni kuinua sehemu ya mbele. Kwa kuwa taa za LED hazitoi joto jingi kama zile za zamani, nilichagua hizo, na huwaka kwa muda wa saa 8 tu kwa siku, kwani zaidi ya hapo vioo hugeuka kijani kwa mwani.

Chini ya mfuniko, juu tu ya maji, nililaza vipande viwili vya kioo chembamba, nikaacha nafasi ya sentimita 5 upande wa nyuma. Sasa sehemu kubwa ya mvuke hugonga kioo badala ya mbao na kurudi safi. Maji ninayoongeza yamepungua hadi jagi la lita 2 au 3 kwa wiki. Kama ningekuwa na kioo hicho siku ile ya Ijumaa, huenda samaki wengi zaidi wangepona, lakini mbao yenye dawa juu ya tangi ni hatari hata kukiwa na kioo.

Kuhusu umeme nitasema machache kwa ukali. Stima ya nyumbani ni volti 240, nayo haichezewi karibu na maji. Taa yangu ni ya volti 12 na ina kiwango cha IP67, maana yake vumbi haliingii na inahimili hata kuzamishwa kwa muda mfupi, na kibadilishi chake cha umeme kiko nje ya mfuniko, ukutani. Kila waya unaotoka tangini hushuka chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili tone linaloufuata lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Fundi wa stima mwenye leseni alinifungia pia swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Nimeona matangi katika kumbi za kusubiria ambako kebo ya soketi nyingi imelala sakafuni chini ya mfuniko unaotona, na watoto wanacheza hapo hapo. Wenye kumbi hizo wakiisoma barua hii, naomba wasingoje Jumatatu.

Kisha ikaja vanishi, na hapa ndipo subira huwashinda wengi. Tulipaka tabaka nne za poliurethani ya maji, ndani, nje na hasa kwenye kingo zilizokatwa, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwa kingo. Ndani tulitanguliza rangi nyeupe ili mwanga urudi chini. Vanishi ikikauka kwa kuguswa bado haijakomaa. Tuliuacha mfuniko kwenye veranda iliyo wazi kwa mwezi mzima, na kila Jumapili mpwa wangu aliingiza kichwa ndani na kunusa. Tuliuweka juu ya tangi siku aliposema hasikii kitu, na hata hivyo niliutazama usiku kucha.

Sasa ombi langu, Mhariri. Chupa ya dawa ya kuua wadudu haiwezi kuuzwa nchini bila lebo inayotaja kilichomo, lakini dawa hiyo hiyo ikishamiminwa juu ya mbao, lebo hubaki kwenye chupa na mbao huenda peke yake. Nawaomba wenye yadi za mbao hapa Kisumu wapake rangi kwenye ncha za kila mbao iliyotiwa dawa na waandike jina la dawa kwenye risiti. Hiyo ni kazi ya brashi moja na kalamu moja. Nawaomba maseremala wamuulize mteja, kabla ya kufungua kopo, kifaa kitakaa wapi na kitagusana na nini, kwa maana swali hilo linahusu pia kibanda cha kuku, mzinga wa nyuki, kasha la kuhifadhia unga na kitanda cha mtoto mchanga anayetafuna mbao akiota meno. Vyuo vyetu vya mafunzo ya ufundi, vinavyowafunza vijana viungo na vipimo kwa ustadi mkubwa, viwafunze pia kusoma lebo ya dawa ya mbao. Nao walio katika Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, waangalie kama alama ya mbao yenye dawa inaweza kuwa sharti hadi katika yadi ndogo, wasiachie kampuni kubwa za nguzo pekee.

Fulu watatu waliopona wamezaa mara mbili tangu mfuniko mpya ukae. Vipande vya karatasi ngumu tulivyotumia kama violezo vimetundikwa nyuma ya kaunta yangu, na fundi anayetaka kuvinakili anakaribishwa siku yoyote isipokuwa Jumapili. Yule fundi wa kwanza ameshavinakili. Juzi nilipopita karakanani kwake niliona mbao zimegawanywa mafungu mawili, na juu ya moja ameandika kwa chaki: hizi zina dawa.

Wako,
Mwenye duka la dawa,
Kondele, Kisumu